Mita Tano za Nani?

Ukiwauliza watu wa Soy ni GPS gani ya mkononi inafaa kununuliwa, swali utakalorudishiwa kwanza halitahusu betri wala skrini. Utaulizwa, "Kwani unapima shamba la nani?" Ukijibu kwamba ni ya mchezo tu, kwamba unataka kutafuta vijisanduku vilivyofichwa na watu usiowajua, utaangaliwa kidogo kabla mtu hajacheka. Lakini mimi naona hilo swali lina akili kuliko linavyosikika. Anayeuliza anajua kwamba kila kipimo kina hitilafu yake, na anataka kujua mapema hitilafu hiyo itamwangukia nani.

Hilo ndilo suala ninalotaka tulifikirie. Tukinunua chombo cha kupimia huwa tunauliza kina usahihi kiasi gani, ni pesa ngapi, chaji inakaa muda gani. Ni maswali mazuri na nitayajibu. Ila kuna moja ambalo haliandikwi kwenye boksi: chombo hiki kikikosea, nani atalipa?

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. Unaitwa geocaching. Mtu anaficha kijisanduku mahali fulani, chenye daftari dogo ndani, kisha anaweka koodineti zake mtandaoni. Wewe unazichukua, unatembea hadi pale, unatafuta chini ya mawe na kwenye mashina ya miti, unaandika jina lako daftarini na kurudisha kila kitu kilipokuwa. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha kingine chenye thamani sawa au zaidi. Hakuna pesa hapo. Raha iko kwenye kutembea na kwenye kupata. Unachezwa duniani kote, na kwenye ramani yake Kenya pia ina alama zake.

Mchezo huu ulizaliwa kutokana na uamuzi wa serikali. Setilaiti za GPS ni mali ya Marekani. Zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kilicho mkononi mwako kinasikiliza setilaiti nne au zaidi, kinalinganisha muda ambao mawimbi yametumia njiani, kisha kinakokotoa uko wapi. Ni hesabu ya muda, na muda hapo hauna mchezo: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kama mita 300 za umbali. Hadi mwaka 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likiyavuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia ili adui asifaidike nayo. Raia aliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa agizo la Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa. Vipokezi vilivyokuwa tayari mifukoni mwa watu vikawa bora mara nyingi zaidi bila kubadilishwa hata skrubu moja. Tarehe 3 Mei, mtu aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza koodineti zake. Ndani ya siku chache ndoo ikawa imepatikana.

Angalia kisa hicho upande wa pili. Kabla ya Mei 2000, sehemu kubwa ya hitilafu ya GPS haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa imeamuliwa. Watu wenye mamlaka walikaa chini wakachagua nani apate kipimo kizuri na nani abahatishe. Sisi tumezoea kudhani hitilafu inaletwa na mawingu na miti, kumbe nyingine inatoka ofisini.

Sasa twende dukani.

Simu yako ina GPS, na kwa kijisanduku kilichofichwa mjini Eldoret inatosha kabisa. GPS ya mkononi inaanza kuwa na maana ukitoka nje ya mji kwa siku nzima, hasa kwenye uwanda huu wa Uasin Gishu ambapo mvua ikianza Machi au Aprili inaweza kukusindikiza hadi Septemba. Chombo kinachostahimili maji, chenye vitufe unavyoweza kubonyeza kwa vidole vilivyolowa, si anasa. Betri nazo ni jambo la kufikiria. Vile vidogo vya Garmin vya aina ya eTrex 10, ambavyo vilianza kuuzwa mwaka 2011, vinatumia betri mbili za kawaida za AA na vinaweza kukaa saa 25 hivi. Betri za aina hiyo unazipata hata kwenye duka la kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, pale pale Soy sentaa, bila kutafuta soketi ya ukuta. Ubaya wake ni kwamba eTrex 10 haina dira ya kielektroniki. Ukisimama, mshale wake haujui umeelekea wapi. Lazima utembee ndipo ukuonyeshe njia.

Kuna jambo la pili ambalo matangazo ya nje hayatuhusu sana. Vipokezi vingi vinajisifu kwamba vinapokea masahihisho kutoka kwa setilaiti za ziada: WAAS ya Amerika Kaskazini, EGNOS ya Ulaya. Huduma hizo zilijengewa kwao. Soy usizitegemee. Sisi tuko karibu na ikweta, kama digrii 0.67 tu kaskazini yake, na hapa tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfia linachezea mawimbi zaidi kuliko kwa wenzetu wa kaskazini, hasa saa chache baada ya jua kutua. Kinachosaidia ni kipokezi kinachosikiliza masafa mawili badala ya moja, kwa sababu ayonosfia haiyacheleweshi sawasawa, na ile tofauti inamwezesha kukadiria na kuondoa sehemu kubwa ya kosa. Kwa hivyo kama una pesa kidogo za kuongeza, ziweke kwenye masafa mawili na kwenye uwezo wa kupokea setilaiti za mataifa mengine pia, Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya Uchina. Usiziweke kwenye skrini ya rangi au kamera.

Ukishanunua, kuna mitego miwili ya mipangilio. Wachezaji wa geocaching huandika koodineti kwa digrii na dakika zenye desimali. Chukua mfano wa kaskazini digrii 0 na dakika 40.50. Hiyo ni sawa na digrii 0.675, maeneo ya Soy. Mtu akiisoma kimakosa kama digrii 0.4050, kipokezi kitampeleka kilomita 30 kusini, ng'ambo ya pili ya mji wa Eldoret. Mtego wa pili ni datumu, yaani umbo la dunia ambalo ramani yako imelichukua kuwa msingi. GPS inatumia WGS84. Ramani za zamani za Survey of Kenya, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa Arc 1960. Namba zile zile ukizisoma kwenye misingi hiyo miwili zinatofautiana ardhini kwa karibu mita 300. Hapo hakuna aliyedanganya. Ramani iko sawa na mashine iko sawa, na bado watu wawili wanaweza kugombana asubuhi nzima, kila mmoja akiwa na namba sahihi mkononi.

Ukivuka mitego yote hiyo, chini ya anga wazi, GPS nzuri ya mkononi itakukosea kwa mita tatu hadi tano. Na ile namba ndogo ya usahihi inayotokea kwenye skrini si kiapo. Ni makadirio ya mashine kuhusu yenyewe, na kuna nyakati utakuwa nje yake.

Mita tano basi. Ni nyingi au ni chache?

Kwenye mchezo ni chache, na zaidi ya hapo ndizo zinazoufanya uwe mchezo. Kama mashine ingekuweka juu ya kijisanduku chenyewe, kungebaki nini cha kutafuta? Ukikosa, umepoteza nusu saa kwenye kichaka na labda suruali imepata miiba. Hitilafu imekuangukia wewe uliyeichagua. Hakuna wa kulalamika.

Sasa beba mashine ile ile hadi kwenye ploti ya 50 kwa 100, ambayo ndiyo ndoto ya vijana wengi wenye kazi. Hizo ni futi. Upana wa futi 50 ni mita 15 na kidogo. Mita tano ni theluthi ya upana huo. Kama umesimamisha ukuta kwa kufuata mshale wa mashine ya mchezo, unaweza kuwa umemega theluthi ya ploti ya mtu aliyeilipia kwa mkopo wa sacco kwa miaka minne. Mashine ni ile ile na setilaiti ni zile zile. Kilichobadilika ni mtu anayebeba hitilafu. Kwenye kichaka ulikuwa wewe. Hapa ni jirani, na hakuulizwa.

Ndiyo maana sikubali ule msemo tunaopenda, kwamba chombo hakina ubaya, ubaya uko kwa mtumiaji. Msemo huo unaruka hatua moja. Kati ya chombo na mtumiaji kuna kosa ambalo lazima litokee, na kosa hilo lazima liangukie mtu. Kuchagua chombo kwa kazi fulani ni kuchagua ukubwa wa kosa litakalomwangukia mtu huyo. Ukijua hivyo na ukachagua chombo duni kwa sababu ni rahisi, umekwisha kuamua kitu kuhusu mwenzako kabla hujawasha mashine.

Soy ni mahali pazuri pa kulielewa hili kwa sababu huku kupima hakujawahi kuwa kazi ya mikono mitupu. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ukiongozwa na Jansen van Rensburg ulifika kwenye uwanda huu kutoka kusini mwa Afrika, kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi Nakuru, kisha kwa magari ya ng'ombe. Ardhi ilikatwa vipande, vikapewa namba. Eldoret yenyewe ilianza kama namba: posta ilijengwa kwenye shamba namba 64, na hadi leo utamsikia mzee akiuita mji huo Sisibo, ambalo ni neno la Kiingereza la sitini na nne lililopita kwenye ulimi wa Wakalenjin. Jina Eldoret lilikuja rasmi mwaka 1912. Waliochunga ng'ombe hapa kabla ya namba hawakuwa na karatasi, kwa hivyo kwenye vipimo vile hawakuwepo. Vipimo vyenyewe labda vilikuwa safi. Mnyororo wa mpima ulinyooka vizuri. Lakini wale walioathiriwa hawakushika ncha yoyote ya mnyororo huo.

Baada ya uhuru mashamba makubwa yakanunuliwa kupitia miradi ya serikali, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, yakagawanywa, yakagawanywa tena. Vurugu za mwaka 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipita kwenye kaunti hii, na ardhi haikuwa mbali na chanzo chake. Kwa hivyo mtu akionekana anatembea katikati ya mahindi ya watu na kimashine mkononi, anasimama, anaangalia skrini, anarudi nyuma hatua mbili, usishangae watoto wakienda kumwita mtu mzima. Wewe unajiona mchezaji. Wao wanaona saveya. Na wameshaona saveya akija kimya kimya, kisha ua likahama.

Mchezo wa geocaching una desturi ya kuficha shughuli yako mbele ya wasiocheza, ili wasije wakahamisha kijisanduku. Desturi hiyo inaweza kuwa poa kwenye bustani za jiji la Ulaya, ingawa hata huko ina gharama. Mwaka 2011, mjini Wetherby, Uingereza, kijisanduku cha mchezo kilitiliwa shaka, barabara ikafungwa na kikosi cha mabomu kikakilipua. Kwetu, nchi iliyopitia Westgate na Garissa, mtu anayeinama kwa siri kwenye daraja dogo na kusukuma kopo chini yake anawapa wengine hofu ambayo hawakuiomba. Na kanuni za mchezo zenyewe zinataka ruhusa ya mwenye ardhi. Soy ruhusa hiyo haiji kwa barua pepe. Unaenda nyumbani kwa watu, unabisha hodi, unasalimia, unakunywa chai, ndipo unaeleza. Ukiona hiyo ni kazi kubwa kuliko mchezo, basi shamba hilo liache.

Lakini mtihani wenyewe hauko kwenye kijisanduku. Mtihani unakuja siku watu wakishazoea kwamba wewe una ile mashine. Fikiria kogo, yaani nyanya yako, ana mzozo wa mpaka na jirani. Mkonge uliopandwa zamani umekauka sehemu, mwingine umeng'olewa, na kila upande una kumbukumbu yake. Saveya mwenye leseni ana bei yake. Kogo anakuona umeketi unafuta matope kwenye kimashine chako.

"Kijana wangu, si hiyo ni ya kupima?"

"Ni ya kupima, kogo, lakini..."

"Basi kesho asubuhi njoo utuonyeshe mpaka uko wapi. Tumalize hii maneno."

Utasema nini? Kukataa kunaonekana kama ujeuri wa mtu aliyesoma, kumnyima bibi yako kitu ambacho hakikugharimu. Kukubali kunaonekana kama upendo. Tena mashine itatoa namba yenye desimali, na namba yenye desimali inanyamazisha watu. Jirani ambaye angebishana na kogo hadi jioni hatajua abishane vipi na skrini. Hapo ndipo hatari ilipo. Mashine inakosea kwa mita tano lakini inaongea kwa sauti ya mtu asiyekosea hata sentimita, na wewe ndiye unayeiazima sauti hiyo.

Inashangaza kwamba sheria yetu ni nyenyekevu kuliko skrini. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba ramani za usajili huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mpaka ulipowekwa rasmi kuwa mpaka maalum. Mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huamuliwa kwanza na msajili wa ardhi, ndipo mahakama iusikilize. Na msajili akitaka kuuweka mpaka rasmi, kifungu cha 19 kinamtaka awape notisi majirani wanaopakana. Soma hilo la mwisho pole pole. Dola yenye ramani na wapima wake wenye vyombo vya sentimita bado inaambiwa: kabla hujaamua, muite yule ambaye kosa litamwangukia.

Kuna pingamizi la kweli hapa, na sitaki kulikwepa. Mtu atasema: unawapamba wazee. Kumbukumbu nayo ni chombo chenye hitilafu, tena hitilafu inayojua jina lako. Mkonge husogezwa usiku. Mzee wa kijiji anaweza kuwa shemeji wa upande mmoja. Kokwet, baraza la majirani, kwa muda mrefu limekuwa baraza la wanaume, na mjane aliyetoka kwao mbali anaweza kukuta kwamba kila mtu anakumbuka mpaka kwa namna inayomwacha yeye na kipande kidogo. Setilaiti haijui ukoo wa mtu. Kwa mjane huyo, namba kutoka angani ndiyo shahidi wa kwanza ambaye hakununuliwa kwa chai.

Nakubali karibu yote. Mashine haina shemeji, na hilo ni jambo kubwa. Ila tazama mjane huyo anahitaji nini hasa. Anahitaji kipimo kinachoweza kukaguliwa, chenye kosa dogo kuliko kile kinachogombaniwa, kilichochukuliwa mbele ya pande zote mbili, na mtu wa kuwajibika kikionekana kibaya. Saveya mwenye leseni anaweza kumpa hayo, kwa chombo kinachosoma sentimita na kwa jina analoliweka kwenye fomu. Mimi na kimashine changu cha kutafuta makopo hatumpi hata moja. Tukijifanya tunaweza, tumemletea shahidi asiyenunulika lakini asiyeona vizuri, na wenye nguvu wa kijiji watajua haraka jinsi ya kumwita shahidi huyo siku anapowafaa.

Kwa hiyo ubishi kati ya mzee na mashine unaniacha nje kidogo. Wote wawili hukosea. Ninachouliza ni kama yule atakayelipia kosa ameambiwa ukubwa wake, na kama ana njia ya kulipinga. Mzee anayesema "nakumbuka hivi, lakini nilikuwa mdogo" ametaja hitilafu yake waziwazi kuliko skrini nyingi. Na saveya anayewaita majirani washuhudie ameweka mashine yake mahali pa haki.

Kipimo hiki cha kimaadili hakikatazi kila kitu. Kuna kazi ambazo GPS ya mchezo inaweza kumfanyia kogo bila kumdhulumu mtu. Trekta inapolima kwa kulipwa kwa ekari, dereva na mwenye shamba hubishana kila msimu ni ekari ngapi. Shamba la ekari 10 lenye umbo la mraba lina upande wa mita 200 hivi. Hitilafu ya mita chache kwenye kingo zake ni sehemu ndogo ya jumla. Mkitembea mkizunguka pamoja, dereva, kogo na wewe, wote mkiangalia skrini moja, kosa linagawanywa kwa watu waliokubali kuligawana. Na mkigundua kwamba mlikosea, msimu ujao mnarekebisha. Ukuta wa mawe hauna msimu ujao. Tofauti hiyo ni muhimu kama ile ya mita: kosa linaloweza kurudishwa na lile linalojengewa msingi.

Basi kogo unamjibu kwa heshima, na kwa ukweli. Unamwambia mashine hii inajua shamba liko wapi, lakini haijui mpaka umepita wapi. Unamwonyesha. Weka kimashine juu ya jiwe moja la mpaka ambalo pande zote zinakubaliana nalo, soma namba, kisha soma tena baada ya saa moja, na tena kesho yake. Ataona mwenyewe namba zikitembea huku jiwe limetulia. Sijui maelezo mengine yanayofundisha zaidi kuliko hayo. Kisha unajitolea kufanya lile unaloweza: kwenda naye kwa chifu, kutafuta nakala ya ramani kwenye ofisi ya ardhi Eldoret, kuchangisha ndugu wa saveya. Ni upendo wenye usumbufu zaidi, na ndio unaomlinda kogo na jirani kwa pamoja.

Nirudi kwenye swali la dukani, maana kuna mtu kweli anataka kununua. Kama unataka kucheza, nunua ya bei nafuu inayostahimili maji na inayotumia betri za AA. Ukiwa na pesa zaidi, tafuta ya masafa mawili na yenye dira yake. Weka WGS84, weka digrii na dakika zenye desimali. Omba ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu, na usifiche kopo mahali ambapo polisi wataitwa. Nunua pia daftari. Wiki ya kwanza, chagua sehemu moja usiyoweza kuikosea, labda kona ya nyumba yenu, na upime hapo asubuhi, mchana na usiku, siku ya jua na siku ya mvua. Andika kila namba, na ilitofautiana na nyingine kwa mita ngapi. Utaijua mashine yako kwa namna ambayo muuzaji hakuambii. Na siku mtu atakapokuja kukuomba umpimie kitu, mfungulie daftari hilo kabla hujawasha mashine, umwache asome mwenyewe.